Sura ya Tano: Stika ya i7 Inakwambia Nini?

Nenda Kariakoo, nenda Luthuli Avenue, swali ni lile lile. Mteja ameshika laptopu ya mtumba, anaigeuzageuza, kisha anauliza: "Kaka, hii ni i5 au i7?" Muuzaji hahitaji hata kuifungua. "i7 hiyo, dada. Mashine hiyo!" Bei inapanda palepale. Mara nyingi laptopu yenye kasi zaidi dukani ni ile i5 iliyokaa rafu ya chini, ambayo hakuna aliyeiulizia.

Kuna swali la pili ambalo huulizwa zaidi na waliotumia kompyuta tangu zamani: "Mashine yangu ya mwaka 2005 iliandikwa 3.0 GHz. Hii niliyonunua juzi imeandikwa 1.6 GHz. Je, nimepigwa?"

Maswali yote mawili yanajibiwa na historia ya prosesa yenyewe. Katika miaka hamsini na kitu, wahandisi wamebadili mara kadhaa njia ya kuipa kompyuta kasi. Kila walipobadili njia, matangazo na stika vilichelewa kufuata, vikaendelea kusifu kipimo ambacho kilikuwa kimeshapitwa. Anayenunua kwa stika hununua kwa kipimo cha jana.

Tuanze na chombo chenyewe. Prosesa ni kipande cha kompyuta kinachotekeleza amri za programu, na amri hizo ni za kitoto kabisa: jumlisha namba hizi mbili, linganisha na ile, kama zinalingana nenda amri ya mia moja, hifadhi jibu. Picha ya harusi unayoikuza kwenye kioo, hesabu ya mishahara ya wafanyakazi, mechi unayoitazama mtandaoni, vyote huvunjwa kuwa amri ndogondogo za namna hiyo, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na transista, yaani swichi ndogo sana za umeme zilizochorwa juu ya kipande cha silikoni. Kipande hicho ndicho kinachoitwa chipu.

## Mashine ya kuhesabia ya Wajapani

Prosesa ya kwanza ya chipu moja kuuzwa madukani haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Mwaka 1969 kampuni ya Kijapani iliyoitwa Busicom iliiendea Intel ya Marekani, kampuni changa iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikitaka itengenezewe chipu za mashine za kuhesabia za mezani. Michoro ya Busicom ilidai chipu nyingi, kila moja ikiwa na kazi yake isiyobadilika. Mhandisi wa Intel, Ted Hoff, aliona huo ni ufujaji. Pendekezo lake likawa hili: itengenezwe chipu moja ya kazi zote, inayofuata amri zilizohifadhiwa pembeni. Ukitaka kazi nyingine, unabadili amri, chipu unaiacha ilivyo.

Wazo lilikuwa la Hoff na mwenzake Stan Mazor, lakini aliyelitoa kwenye karatasi likawa silikoni inayofanya kazi ni Mwitaliano Federico Faggin, akishirikiana na Masatoshi Shima aliyetumwa na Busicom. Novemba 1971 Intel ikaitangaza kwa jina la 4004. Ilikuwa na transista 2,300, na ilipiga mapigo 740,000 kwa sekunde.

Hapo kuna neno la kulielewa kabla hatujaendelea. Ndani ya kila prosesa kuna mdundo wa umeme usiokoma, na kila pigo la mdundo huo ni ruhusa ya kupiga hatua moja ya kazi. Pigo moja kwa sekunde ni hezi moja. Mapigo milioni moja ni megahezi, na mapigo bilioni moja ni gigahezi, ile GHz unayoiona kwenye boksi. Lakini kumbuka: GHz huhesabu mapigo. Haihesabu kazi inayofanyika katika kila pigo. Wauzaji waliishi kwa tofauti hiyo miaka ishirini.

Busicom ndiyo iliyokuwa na haki ya chipu ile. Ilipobanwa na fedha ikakubali kurudishiwa dola 60,000, na Intel ikawa huru kuiuza kwa yeyote. Sidhani kama historia ya biashara ya karne iliyopita ina makubaliano mengi yaliyomgharimu muuzaji kuliko hayo.

## Mashine ya IBM

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1974 Intel ilitoa 8080, na mapema mwaka 1975 chipu hiyo ikawa ndani ya Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Mwaka huohuo kampuni ya MOS Technology ikaja na prosesa yake, 6502, kwa dola 25, wakati washindani wakidai mamia. Bei hiyo ndiyo iliyowawezesha akina Steve Wozniak kutengeneza kompyuta za Apple. Bila prosesa ya bei poa kusingekuwa na kompyuta ya nyumbani.

Tarehe ya kukaa nayo ni 12 Agosti 1981. Siku hiyo IBM, kampuni iliyozoeleka kwa mitambo mikubwa ya mabenki na serikali, ilizindua kompyuta ndogo ya mezani iliyobuniwa na kikosi chake cha Boca Raton, Florida. Kwa haraka ya kuingia sokoni, kikosi hicho hakikutengeneza prosesa yake. Kilichukua 8088 ya Intel, yenye transista 29,000 na mwendo wa megahezi 4.77.

8088 haikuwa prosesa bora ya wakati wake. Ilikuwa ndugu wa bei nafuu wa 8086 ya mwaka 1978. Ndani ilishughulika na biti 16 kwa mkupuo, lakini ilipozungumza na vifaa vya nje ilipitisha biti 8 tu kwa wakati mmoja, ili iweze kuunganishwa na vipuri vya bei ndogo. Biti ni tarakimu moja ya kompyuta, sifuri au moja. Kadiri prosesa inavyobeba biti nyingi kwa mara moja, ndivyo inavyoweza kushika namba kubwa zaidi na kufikia kumbukumbu kubwa zaidi. Kumbukumbu ambayo 8088 iliweza kuifikia yote ilikuwa megabaiti moja. Picha moja ya simu yako haingeenea humo.

IBM ilifanya maamuzi mawili yaliyotengeneza dunia tunayoishi. Kwanza, ilikataa kutegemea msambazaji mmoja, hivyo Intel ikalazimika kumpa mwingine haki ya kutengeneza chipu hizo hizo. Mwingine huyo alikuwa AMD. Ushindani wa Intel na AMD unaouona madukani leo una mizizi katika sharti hilo la mnunuzi, na kampuni hizo zilikuja kuburuzana mahakamani kwa miaka. Pili, sehemu nyingi za mashine ya IBM zilipatikana kwa yeyote mwenye fedha, kwa hiyo wengine wakaiga. Programu iliyofanya kazi kwenye IBM ilifanya kazi kwenye nakala yake, na tangu hapo mnunuzi akawa na dai moja lisilojadiliwa: mashine mpya lazima iendeshe programu zangu za zamani.

Dai hilo lina nguvu mpaka leo. Prosesa nyingi za Intel na AMD zilizomo ndani ya kompyuta za sasa, zenye mabilioni ya transista, bado zinapowashwa huanza kwa kujifanya 8086 ya mwaka 1978, kisha ndipo zinapanda ngazi.

Hata kasi ilitiwa breki kwa sababu hiyo. Waliotumia kompyuta za miaka ya themanini na tisini watakumbuka kitufe cha Turbo mbele ya boksi. Michezo ya zamani ilijipimia muda kwa mwendo wa 4.77, na ikiwekwa kwenye mashine mpya ilikimbia mpaka haichezeki. Kitufe kile kilikuwepo ili uweze kuipunguza kasi mashine. Kikaitwa Turbo, maana nani angenunua kompyuta yenye kitufe kilichoandikwa "Polepole"?

## Namba zilipogeuka jina

Baada ya hapo ngazi ilipandwa kwa namba. 286 ilitoka mwaka 1982 na transista 134,000. 386 ikaja mwaka 1985 na transista 275,000, ikiwa ya kwanza katika ukoo huu kubeba biti 32, na kampuni ya Compaq ikathubutu kuiweka kwenye kompyuta mwaka 1986 kabla ya IBM yenyewe. 486 ya mwaka 1989 ilipita transista milioni moja. Pia ilileta ndani ya chipu kitu ambacho wanunuzi hawakukiona lakini walikihisi: kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa jirani kabisa na mahali kazi inapofanyika, ili prosesa isisubiri kila mara kuletewa data kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta.

Katika miaka hiyo namba ilisema kweli. 486 ilikuwa na kasi kuliko 386, na 386 kuliko 286, na megahezi 66 zilikuwa bora kuliko 33. Fundi wa mtaani hakuhitaji zaidi ya hapo. Kasi ilitoka mahali pamoja: transista zilizidi kuwa ndogo. Gordon Moore, mmoja wa waanzilishi wa Intel, alikuwa ameshaandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vipuri katika chipu moja ilikuwa inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Hilo likaitwa Sheria ya Moore, ingawa halikuwa sheria ya maumbile. Lilikuwa makadirio ambayo viwanda vilijifunga kuyatimiza.

Mwaka 1991 yalitokea mambo mawili. AMD ilitoa 386 yake, na Intel ilipodai kwamba namba hiyo ni jina lake la biashara, mahakama ya Marekani haikukubali. Namba ni ya kila mtu. Mwaka huohuo Intel ilianza kampeni ya "Intel Inside": mtengenezaji wa kompyuta aliyekubali kuweka nembo ya Intel kwenye matangazo na bidhaa zake alirudishiwa sehemu ya gharama za matangazo. Stika unayoiona kwenye laptopu chini ya kibodi ilizaliwa hapo. Ni tangazo ambalo limelipiwa, tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo prosesa iliyopaswa kuitwa 586 ilitoka Machi 1993 kwa jina la Pentium. Mwaka uliofuata jina hilo likapata umaarufu ambao Intel haikuutaka. Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, aligundua kwamba Pentium yake ilikosea katika kugawanya baadhi ya namba. Intel ilisema kosa ni dogo na mtumiaji wa kawaida hatalikuta, kisha ikataka kila anayelalamika athibitishe kwamba anahitaji chipu nyingine. Watu walikuja juu. Desemba 1994 kampuni ikasalimu amri, ikaahidi kumbadilishia yeyote aliyetaka, na ikatenga dola milioni 475 kwa gharama hizo. Ukilitangaza jina la kipuri kwa mtu wa kawaida, huyohuyo ndiye atakayekudai kipuri kikiharibika.

Kwa ufupi hadi hapa: kuanzia 1971 hadi katikati ya miaka ya tisini, transista ndogo zaidi zilileta mapigo mengi zaidi, na mapigo mengi yalileta kasi. Jina na kipimo vilikwenda pamoja. Sasa vinaachana.

## Joto lakataa

Machi 2000, AMD iliishinda Intel kwa siku mbili tu kufikisha gigahezi moja, kwa prosesa yake ya Athlon. Magazeti ya kompyuta yaliandika kama fainali ya Kombe la Dunia. Intel ikaamua isishindwe tena, na Novemba mwaka huo ikatoa Pentium 4, iliyobuniwa mahususi kupandisha gigahezi.

Hiki ndicho kiini cha sura hii, basi twende taratibu. Fikiria akina mama wanaopika chapati kwa pamoja kwa ajili ya shughuli. Mmoja anakanda, wa pili anakata madonge, wa tatu anasukuma, wa nne anachoma. Kila ngoma inapopigwa, kila mmoja anampa wa pembeni alichokimaliza. Ukitaka ngoma ipigwe haraka zaidi, gawa kazi kwa watu ishirini: huyu anamimina unga tu, yule anatia chumvi tu, mwingine anapaka mafuta upande mmoja tu. Kazi ya kila mmoja ni fupi, kwa hiyo ngoma inaweza kwenda mbio. Atakayesimama nje kusikiliza ngoma atasema humu kunapikwa sana. Lakini chapati moja sasa inapita mikono ishirini badala ya minne.

Prosesa nazo hupanga amri kwenye mstari wa namna hiyo. Mstari wa Pentium III, iliyotangulia Pentium 4, ulikuwa na hatua kama kumi. Wa Pentium 4 ya kwanza ulikuwa na ishirini, na wa toleo la Februari 2004, lililojulikana kiwandani kama Prescott, ulifika thelathini na moja.

Tatizo huja agizo linapobadilika. Programu imejaa njia panda: kama salio linatosha fanya hivi, kama halitoshi fanya vile. Prosesa haisubiri kujua. Inabahatisha njia na kuanza kazi. Ikibahatisha vibaya, kila kilichomo kwenye mstari hutupwa na kazi huanza upya, sawa na wale akina mama wanaoambiwa katikati kwamba wageni wametaka mandazi. Mstari wa watu wanne unapoteza kidogo. Wa thelathini na moja unapoteza sana. Ndiyo maana Pentium 4 za kwanza, za gigahezi 1.4 na 1.5, zilishindwa katika kazi kadhaa na Pentium III na Athlon za gigahezi moja.

Nani angemweleza mteja hayo dukani? AMD ilijaribu kwa ujanja. Kuanzia Oktoba 2001 iliacha kuweka gigahezi mbele ya jina, ikaandika namba ya kulinganisha. Athlon XP 1800+ haikuwa na megahezi 1,800. Ilikuwa na 1,533. Namba ilikuwa ya kumwambia mnunuzi kwamba hii inafanya kazi ya ile. Wengi waliona ni udanganyifu. Kwa maoni yangu, ilikuwa karibu na ukweli kuliko GHz ya mshindani.

Kilichoumaliza ubishi ni joto. Robert Dennard wa IBM na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1974 kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, nguvu ya umeme inayoisukuma inaweza kupunguzwa pia, hivyo chipu yenye transista nyingi zaidi na mapigo zaidi haiongezi joto kwa eneo lile lile. Zawadi hiyo ililipia kila ongezeko la megahezi kwa miaka thelathini. 386 ilifanya kazi bila hata feni. Lakini transista zilipokuwa ndogo mno, umeme ulianza kupenya hata swichi ikiwa imezimwa, na nguvu ya umeme haikuweza kushushwa tena kama zamani. Kuanzia hapo kila pigo la ziada lililipiwa kwa joto.

Baadhi ya Pentium 4 za mwisho zilikadiriwa kutoa wati 115 kutoka kwenye kipande kidogo kuliko stempu ya posta. Mei 2004 Intel ilifuta mrithi wa Pentium 4 aliyekuwa jikoni. Oktoba ikafuta toleo lililoahidiwa la gigahezi 4, na mkuu wake wa wakati huo, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja kuomba radhi, nusu utani nusu kweli. Pentium 4 iliishia 3.8.

Yule msomaji mwenye mashine ya 2005 iliyoandikwa 3.0 GHz, hakupigwa aliponunua ile ya 1.6. Kama alipigwa, alipigwa mwaka 2005.

## Viini viwili, vinne, vinane

Kama ngoma haiwezi kwenda mbio zaidi, ongeza kundi jingine la wapishi. Mwaka 2005 Intel na AMD zote zilianza kuuza prosesa za kompyuta za kawaida zenye viini viwili. Kiini ni prosesa kamili inayojitegemea, na viini kadhaa huwekwa ndani ya chipu moja.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 2006, Intel ilitoa Core 2 Duo. Haikutokana na Pentium 4. Chimbuko lake lilikuwa Pentium M ya mwaka 2003, prosesa ya laptopu iliyobuniwa na wahandisi wa Intel nchini Israeli ambao tangu mwanzo walipewa kazi ya kubana umeme. Mstari mfupi, mapigo machache, kazi nyingi kwa kila pigo. Mradi wa pembeni uliogeuka kuwa njia kuu. Prosesa zote za Intel za mezani zilizofuata zilipita njia hiyo.

Viini vina mpaka wake. Wageni mia wakija, makundi manne ya wapishi yatamaliza mapema. Mgeni mmoja akitaka chapati moja, makundi matatu yatakaa yakitazama. Kuhariri video, kubana mafaili na kufungua kurasa ishirini za mtandao kwa wakati mmoja ni kazi za wageni mia. Kuandika barua kwenye Word ni mgeni mmoja. Ndiyo sababu mtu anayeandika barua tu haoni tofauti kubwa kati ya viini vinne na vinane, hata akilipa mara mbili.

Kipindi hichohicho ndipo AMD ilipofanya jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote iliyowahi kufanya. Intel ilikuwa imeamua kwamba biti 64 zitakuja na ukoo mpya kabisa wa prosesa, Itanium, usiojali programu za zamani. AMD ikachukua ukoo uleule wa 8086 na kuurefusha hadi biti 64, mwaka 2003, na programu za zamani zikaendelea kufanya kazi. Soko likachagua AMD, na mwaka 2004 Intel ikalazimika kufuata mpango wa mshindani wake. Umuhimu wa biti 64 wengi tuliujua kwa uchungu: unaongeza RAM iwe gigabaiti 8, Windows ya biti 32 inakuonyesha tatu na kitu tu, kwa kuwa biti 32 haziwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4.

## Sasa tuisome stika

Jina la Core i7 lilianza Novemba 2008. i5 ikafuata mwaka 2009, i3 mwaka 2010. Namba hizi hazielezi idadi ya viini. Ni madaraja ya bei ndani ya mwaka mmoja: i3 ya chini, i5 ya kati, i7 ya juu. Ukivuka mwaka, ulinganisho unavunjika. Ukivuka kutoka kompyuta ya mezani kwenda laptopu, unavunjika pia. Kwa miaka mingi i5 za mezani zilikuwa na viini vinne, huku i7 nyingi za laptopu nyembamba zikiwa na viwili.

Mfano mmoja unatosha. i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili na kasi ya kuanzia ya 2.7 GHz. i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne na kasi ya kuanzia ya 1.6 GHz. Kwa stika, i7 imeshinda. Kwa GHz, i7 imeshinda. Kwa kazi nzito, i5 inaiacha mbali.

Kinachokupa habari ni namba ndefu inayofuata baada ya i5 au i7. Isome hivi:

- Tarakimu zilizotangulia ni kizazi. i5-8250U ni kizazi cha nane; i5-10210U ni cha kumi; i7-1165G7 ni cha kumi na moja. Ikiwa namba yote ni tarakimu tatu, kama i5-520M, hicho ni kizazi cha kwanza, achana nacho.
- Herufi ya mwisho ni tabia. U ni ya kubana umeme, betri inadumu. H au HQ ni ya nguvu, na laptopu yake huwa nzito na yenye joto. F kwenye kompyuta ya mezani ina maana haina sehemu ya picha, kwa hiyo bila kadi ya picha skrini haitaonyesha kitu.
- Ikiwa duka limeandika "Core i7" bila namba ndefu, muuzaji hajui anachouza au anajua sana.

Kwa AMD, jina la Ryzen lilianza Machi 2017 na ndilo lililoiamsha Intel, ambayo kwa miaka ilikuwa ikiuza viini vinne vilevile kwa watu wa kawaida. Lakini namba za Ryzen nazo zina mtego. Ryzen 5 7520U, iliyotoka mwaka 2022, inasikika kama mpya kabisa, wakati muundo wake wa ndani ni wa mwaka 2019. Katika mfululizo huo wa 7000 wa laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja umri wa muundo.

Usimwamini mtu kwa mdomo. Omba mashine iwashwe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance kisha CPU. Jina kamili liko juu kulia, na idadi ya viini iko chini yake. Stika inaweza kubanduliwa laptopu moja na kubandikwa nyingine. Ukurasa huo ni vigumu zaidi kuuchezea.

## Waliotoka upande wa simu

Kuna ukoo mwingine ambao haukushiriki mbio hizi zote, na sasa umeingia mezani. Kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilihitaji prosesa ya kompyuta zake za baadaye na haikuridhika na zilizokuwepo. Sophie Wilson na Steve Furber wakabuni yao, ARM, yenye amri chache na rahisi. Chipu ya kwanza ya ARM iliwashwa Aprili 1985 ikafanya kazi. Furber alipopima umeme inaotumia, kipimo kilisoma sifuri. Baadaye ikagundulika kwamba waya wa umeme wa chipu haukuunganishwa. Ilikuwa inajiendesha kwa umeme mdogo uliopenya kutoka vifaa vya jirani.

Ulaji huo mdogo ndio ulioifikisha kwenye simu. Simu iliyo mfukoni mwako, iwe ya bei yoyote, karibu kwa hakika ina ARM. Na katika dunia ambayo joto ndilo linaloweka mpaka wa kasi, aliyezoea kubana umeme alikuwa na faida. Novemba 2020 Apple ilianza kuiacha Intel na kutoa M1, chipu ya ukoo wa ARM yenye transista bilioni 16, na laptopu yake nyepesi isiyo na feni ikashinda nyingi zenye feni. Mwaka 2024 laptopu za Windows zenye Snapdragon X, prosesa ya ukoo huohuo, zikafuata. Kabla ya kununua hizi, hakikisha programu unazozitegemea, hasa za uhasibu na madereva ya printa za zamani, zinafanya kazi humo. Lile dai la mwaka 1981 halijafutwa.

## Kizazi cha nane na wewe

Jambo la mwisho linagusa mfuko moja kwa moja. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, Microsoft iliweka mpaka: kwa Intel, ukiondoa chache, prosesa ziwe za kizazi cha nane au zaidi; kwa AMD, kwa sehemu kubwa Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukafikia kikomo. Ofisi za Ulaya na Marekani hazina sababu ya kubaki na laptopu za kizazi cha nne hadi cha saba, na mzigo wa namna hiyo hutafuta masoko kama yetu. Nyingi zitakuwa na stika ya i7 inayong'aa.

Si kwamba mashine hizo ni mbovu. i5 ya kizazi cha sita yenye RAM ya kutosha na diski ya SSD bado inaandika, inapiga hesabu na inafungua mtandao vizuri, na ukiiwekea Linux badala ya Windows itaendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka. Kwa mwanafunzi au duka dogo inatosha. Ila bei yake iwe ya mashine iliyoachwa nje ya mpaka. Ukitajiwa bei ya kizazi cha nane kwa mashine ya kizazi cha sita, punguza au ondoka, hata kama muuzaji amekuapia kwamba hiyo ni i7.